Nina 6,000 za mwaka mzima: nichague hosti gani kwa tovuti yangu ya kwanza?

MamaSweta_Kibuye · Jumapili, saa 3:40 usiku

Hamjambo wadau. Nina duka la sare za shule hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye. Nashona mashati na marinda, na nina mashine tatu za kufuma sweta. Shule ninazohudumia ni kumi na nne. Nyingine ziko Seme, nyingine Muhoroni, mbili ziko Vihiga. Ikifika Januari simu yangu haipoi. Mzazi anapiga kuuliza sweta ya shule fulani ni pesa ngapi, sijamaliza kumjibu mwingine anauliza hilo hilo. Bei zote nimeziandika kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa kila shule. Nataka daftari hilo liingie kwenye intaneti: mzazi aguse jina la shule, aone picha ya sweta, saizi na bei, halafu aniandikie WhatsApp.

Fundi mmoja ameniambia 45,000 za kutengeneza, na 12,000 kila mwaka za hosti, yaani mahali pa kuiweka tovuti. Kazi ya mtu ina bei yake, sikatai, lakini msimu huu nimenunua uzi kwa bei ambayo sijawahi kuiona. Mpwa wangu anajua WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, na atanisaidia bila malipo, ila hosti amesema nitafute mwenyewe. Nimeingia kutafuta nimekuta mipango mia: ya 150 kwa mwezi, ya 900, ya dola, mingine imeandikwa "bila kikomo". Nina 6,000 za mwaka mzima. Nitachaguaje? Nielezeni polepole tafadhali.

kijana_maseno · Jumapili, saa 3:58 usiku

Habari ya jioni mama. Usilipe hosti. Hizo ni kurasa za kusoma tu, hakuna mtu anayeingia na nenosiri, hakuna kikapu cha kununua. Kurasa za namna hiyo Cloudflare Pages wanaziweka bure, unalipia domeini peke yake, yaani jina la tovuti. Tovuti ya kikundi chetu cha chuo iko huko mwaka wa pili sasa. GitHub Pages nayo ni bure, lakini masharti yao yanakataza kuendeshea biashara ya mtandaoni, kwa hiyo hiyo kwako iache.

mchele_Ahero · Jumapili, saa 4:15 usiku

Kijana umesema vizuri, ila mama aelewe kwamba cha bure hukaa kadiri mwenyewe anavyopenda kikae. Freenom walikuwa wanagawa domeini za .tk bure, mapema 2023 wakaacha kusajili, mwaka uliofuata wakatangaza kwamba wanatoka kwenye biashara hiyo. Ile tovuti ya bure ambayo Google ilikuwa inampa mtu akiweka biashara yake kwenye ramani, ilizimwa Machi 2024. Kuwa kwenye ramani bado ni bure na mama ufanye hivyo kesho asubuhi, lakini tovuti yenyewe haipo tena.

Mimi niliumizwa na kitu kingine. Niliona tangazo la kampuni ya ng'ambo, dola 2.99 kwa mwezi. Kumbe bei hiyo ni ya anayelipa miezi 48 kwa mkupuo. Pigeni hesabu: ni dola 143.52, na dola ikiwa 129 hizo ni zaidi ya shilingi 18,500 unazozitoa siku ya kwanza. Nikachukua mwaka mmoja, bei ya mwezi ikapanda papo hapo. Mwaka ulipoisha wakakata kadi yangu usiku, karibu mara tatu ya nilicholipa mwanzoni, na mimi sijabonyeza kitu. Pesa hiyo ilikuwa ya kulipa vibarua wa kuvuna. Ndiyo maana sasa nikiulizwa na yeyote naanza na swali moja: mwaka wa pili ni ngapi?

Njoro_Seva · Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Mama Sweta, pole na kazi. Hizi shughuli nimezifanya tangu 2011, zaidi kwa tovuti ndogo: zahanati, sacco, maduka ya pembejeo, hapa Nakuru mjini na huku Njoro kwetu. Nitaandika kwa urefu, kwa sababu wengi watakuanzishia kwenye bei na mimi naona bei si mahali pa kuanzia.

Unaponunua "hosti" mara nyingi unauziwa vitu viwili kwenye furushi moja. Kuna jina, yaani domeini, kile mzazi atakachoandika kwenye simu. Na kuna mahali faili zako zinapolala, yaani seva, kompyuta ya mtu fulani isiyozimwa usiku wala mchana. Mahali pa kulala unaweza kupahama hata kila mwaka. Jina likiwa mikononi mwa mtu mwingine, huhami nalo. Na hapo unapolala kuna mali yako, picha na bei, ambayo lazima nakala yake uwe nayo kwako. Ukishika jina na ukishika nakala, kampuni ya bei ya chini haina la kukutisha: ikikusumbua Jumatatu, Jumatano uko kwingine na mzazi wa Seme hajui kama ulihama. Usipovishika, hata ukilipa 30,000 kwa mwaka, duka lako liko chini ya huruma ya watu.

Sasa mipango yenyewe. Ya chini kabisa ni hosti ya pamoja. Fikiria vyumba vya ploti: kila mpangaji ana mlango wake, lakini bomba ni moja uani. Jirani akianza kujaza mitungi ishirini asubuhi, kwako maji yanadondoka. Kwenye seva ni vivyo hivyo, jirani akipata wageni wengi tovuti yako inakuwa nzito. Kampuni inayojua kazi humwekea kila mpangaji kipimo chake ili asimalize maji ya wenzake. Juu ya hapo kuna VPS, ambayo ni kama kuwa na ploti yako, na ukuta, bomba na mlinzi vyote ni juu yako. Seva ikihitaji masasisho ya usalama saa 8 usiku ni wewe. Mtu akikuuzia VPS kwa sare za shule kumi na nne, mshukuru uondoke.

Neno "bila kikomo" usilinunue. Diski ni chuma, ina ukubwa. Kikomo kipo, kimehamishiwa tu kwenye ukurasa wa masharti: idadi ya faili unazoruhusiwa (wao huziita inodi), kumbukumbu ya seva (RAM) unayopewa, na wageni wangapi wahudumiwe kwa sekunde moja. WordPress peke yake, kabla hujaweka hata picha moja, ina maelfu ya faili. Ukivuka kipimo, kwenye seva nyingi za namna hii mgeni anakutana na kosa namba 508, na tovuti haifunguki mpaka msongamano upungue. Kwako hilo litatokea wiki ya kufungua shule, wiki unayoingojea mwaka mzima. Kwa hiyo muulize muuzaji namba hizo. Anayezijua atakupa kwa dakika mbili.

Nafasi isikunyime usingizi. WordPress, mwonekano wake na plagini (programu za nyongeza) chache ni megabaiti mia chache tu. Mpango wa GB 2 au 5 utakutosha miaka, picha zikipunguzwa uzito.

Kitu ambacho hupaswi kuongezewa bei ni cheti cha usalama, ile kufuli inayofanya anwani ianze na https. Let's Encrypt wanakitoa bure, na kampuni nyingi hukiweka na kukihuisha zenyewe. Nimeona watu wakiuziwa cheti cha maelfu kwa ukurasa wenye bei za mbegu. Wakikuandikia kwamba watakuwa hewani 99.9% ya muda, ujue wamejipa nafasi ya kuzimika kama dakika 43 kwa mwezi. Ikiwa ni 99%, hizo ni zaidi ya saa saba. Na uangalie kama bei uliyoona ina VAT ya 16% ndani yake, maana kwa bajeti ya 6,000 hiyo 16% ni hela.

mwalimu_Chwele · Jumatatu, saa 1:05 usiku

Mulembe wote. Mkuu wa Njoro amegusa kidonda changu kwenye hilo la jina, nami nataka mama asipite tulikopita.

Shule yetu iko Bungoma. Tulimlipa kijana atutengenezee tovuti, akatusajilia domeini ya .com, kazi safi, bodi ikampigia makofi. Tukachapisha anwani kwenye barua za shule, kwenye ripoti za wanafunzi, fundi wa rangi akaiandika kwenye lango, herufi za samawati kila moja kama kiganja. Hakuna aliyeuliza ilisajiliwa kwa jina la nani. Ilikuwa kwa jina lake na barua pepe yake. Baadaye akapata kazi nje ya nchi, simu ikawa haipatikani. Malipo yakaisha Novemba. Ukumbusho wote ulikwenda kwake.

Sisi tulijua Februari. Mzazi mmoja alikuja ofisini akasimama mlangoni, akanipa simu yake bila kusema neno. Nilikuta matangazo ya kamari, na juu yake jina la shule yetu. Mimi ndiye niliyekuwa nimewahimiza wazazi waingie hapo kuona orodha ya vitabu. Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu wanafunzi nao walikuwa wameingia.

Tulijaribu kuikomboa. Tukaelezwa kwamba .com ikipitiliza, kuna muda mfupi wa mwenyewe kulipia, halafu siku 30 za kuikomboa kwa faini, halafu siku 5, kisha inaachiwa yeyote anayetaka. Sisi tulikuwa tumechelewa kote huko. Tukasajili upya kwa .sc.ke, ambayo ni ya shule za msingi na sekondari na inataka nyaraka za shule, na safari hii akaunti ni ya shule. Lango tulilipaka upya.

MamaSweta_Kibuye · Jumatatu, saa 2:30 usiku

Mwalimu pole sana. Nimesoma nikasimamisha mashine.

Maswali yangu. Moja, nitajuaje jina limesajiliwa kwangu? Mbili, ni vibaya kununua jina na hosti kwa kampuni moja? Na ile ya kijana ya bure, ni mbaya au ni nzuri? Mpwa wangu ameisoma akasema anaiweza, ila bei nikitaka kubadilisha lazima nimpigie yeye.

Njoro_Seva · Jumatatu, saa 3:10 usiku

Nianze na la mwisho, maana umejijibu. Njia ya kijana ni nzuri, ni ya haraka, na usalama wake hauna wasiwasi mwingi. Lakini bei ya uzi ikipanda Alhamisi, wewe unataka kubadilisha mia tatu hamsini iwe mia nne kwa simu yako ukiwa umeketi kwenye mashine, usisubiri mpwa amalize mtihani. WordPress inakupa hilo. Kwa hiyo kwako ningelipia hosti ya pamoja.

Kununua kwa kampuni moja si vibaya, wengi hufanya hivyo na bili inakuwa moja. Cha kuangalia ni akaunti. Ifungue wewe, kwa jina lako la kitambulisho au la biashara, namba yako ya simu, nenosiri unalolijua wewe. Mpwa umpe ufunguo wake tofauti wa kuingia kwenye WordPress, kwenye akaunti ya malipo hana kazi. Domeini za .ke zinasimamiwa na KeNIC, na wewe unanunua kupitia mawakala wao. Ukishasajili, unaweza kulitafuta jina lako kwenye huduma ya whois ukaona wakala ni nani na tarehe ya kuisha ni lini. Jina la mwenyewe likiwa limefichwa hapo, ingia kwenye akaunti yako ulisome huko.

Na kuna kosa moja ambalo nimelikuta kwa watu makini kabisa. Usifungulie akaunti hiyo kwa barua pepe ya domeini hiyo hiyo. Yaani usisajili jina la duka kwa kutumia info@ ya duka. Siku jina likiisha muda, barua pepe nayo inakufa, na ukumbusho wa kulipia unatumwa kwenye sanduku ambalo halipo tena. Tumia Gmail yako ya kawaida.

dada_Kitale · Jumatatu, saa 3:35 usiku

Hapo kwenye barua pepe niongeze dada yangu, kama utataka info@ ya duka. Mimi nauza miche ya parachichi. Nilituma bei kwa shule moja ya Lugari iliyotaka miche mia mbili, nikangoja wiki nzima, nikadhani wamepata kwingine. Barua ilikuwa imeangukia kwenye taka. Kwenye hosti ya pamoja anwani ya seva mnaitumia wengi, jirani mmoja akituma barua za ulaghai wote mnaonekana walaghai. Halafu tangu Februari 2024 Gmail wanamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, ambazo ni alama za kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye jina. Kwangu zilikuwa hazijawashwa. Niliwaandikia wa hosti wakaziwasha siku hiyo hiyo, bure. Uliza kabla.

kijana_maseno · Jumatatu, saa 4:02 usiku

Nakubali kwa WordPress, mama. Sasa kuna hili la seva iwe wapi. Nilipima kutoka hapa Maseno: seva ya Nairobi inajibu chini ya milisekunde 20, ya London inapita 150. Kwa ukurasa mmoja mtu hatambui, lakini WordPress huita vitu vingi kwa zamu, vinajumlishana.

Njoro_Seva · Jumanne, saa 12:05 asubuhi

Sahihi. Na mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikawa ya kubembeleza. Mzazi wa Kisumu akifungua tovuti iliyo Nairobi, data yake haina haja ya kwenda baharini. Kampuni za intaneti zinabadilishana humu humu nchini kwenye kituo cha KIXP. Ila uliza waziwazi "seva iko mji gani?", kwa sababu kampuni kuwa na ofisi Kenya hakusemi seva iko Kenya. Wengi wamekodi Ulaya au Marekani. Si kosa, mradi wakuambie.

Faida nyingine ya kampuni za hapa ni kulipa kwa M-Pesa. Hakuna kadi ya kukatwa usiku kama ya ndugu wa Ahero. Lakini upande wa pili ni kwamba usipokumbuka kulipa, hakuna atakayekulipia. Andika tarehe kwenye simu, ikuite mwezi mmoja kabla.

Mama, kabla ya kulipa nina mtihani mmoja ambao haujawahi kuniangusha. Chagua kampuni tatu zilizo ndani ya bajeti yako. Jumamosi saa 4 usiku, ziandikie zote swali hili: "Mwakani nikitaka kuhama, mtanipa nakala kamili ya tovuti na msimbo wa kuhamisha domeini bila malipo?" Angalia nani anajibu, saa ngapi, na anajibu nini. Muuzaji siku zote ana haraka ya kukuingiza. Wewe muulize juu ya mlango wa kutokea.

mchele_Ahero · Jumanne, saa 1:40 usiku

Hilo swali nimelinakili. Natamani ningelijua mapema.

MamaSweta_Kibuye · Jumapili, saa 2:15 usiku

Wadau, nimefanya mtihani wa mzee wa Njoro. Jana usiku nilikaa na mpwa, tukaandikia kampuni tatu saa 4 na dakika 2.

Ya kwanza ilijibu baada ya dakika kumi na moja. Mtu wa kweli, akaandika kwamba nakala naichukua mwenyewe kwenye cPanel, ukurasa wa kusimamia hosti, wakati wowote, na msimbo wa domeini wananipa nikiomba, hakuna malipo. Nikamuuliza namba za vikomo kama nilivyofundishwa. Akanipa: faili laki moja na nusu, kumbukumbu GB 1, GB 5 za nafasi, seva iko Nairobi. Nikamuuliza mwaka wa pili ni ngapi. Akasema ni ile ile, labda VAT ibadilike.

Ya pili imejibu leo mchana, na imenitumia orodha ya bei. Swali halijajibiwa. Ya tatu, ile ya 150 kwa mwezi, mpaka sasa kimya.

Nimelipa ile ya kwanza. Hosti ya mwaka 3,480 na VAT ndani, domeini ya .co.ke 1,160. Jumla 4,640, kwa M-Pesa. Zimebaki 1,360. Jina ni langu, nimeliona kwenye akaunti kwa macho yangu, na barua pepe ni Gmail yangu ya zamani. Ero kamano.

Sasa picha. Mpwa amepanda ngazi ya kwanza: ameweka sweta ishirini. Nimefungua kwa simu ya msichana anayenisaidia dukani, ukurasa ukazunguka, ukazunguka, halafu bando lake la siku likaisha. Nimemrudishia, lakini nimeogopa. Kosa ni la hosti?

kijana_maseno · Jumapili, saa 2:31 usiku

Si la hosti mama. Mmepakia picha jinsi zilivyotoka kwenye simu. Picha moja ya simu za siku hizi ni MB 4 hivi. Ishirini ni MB 80, na mzazi wa Muhoroni mwenye bando dogo litamwishia kabla hajamaliza kuangalia. Fungua squoosh.app kwenye simu hiyo hiyo, weka picha, punguza upana uwe 1000, chagua WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi. Sweta itabaki inaonekana mpaka mshono na itashuka chini ya KB 150. Ishirini zitakuwa MB 3. Hii itakusaidia kuliko kuhamia mpango wa bei mara tatu. Nasema kweli, ningekuwa na uwezo ningeibandika kwenye kila duka la mtandaoni Kenya.

dada_Kitale · Jumapili, saa 2:50 usiku

Na upige picha mchana, nje ya duka, kwenye kivuli. Mimi miche yangu ilikuwa inaonekana ya manjano kwa sababu ya taa ya ndani. Kwa sare rangi ndiyo kila kitu.

Njoro_Seva · Jumapili, saa 3:20 usiku

Hongera sana mama, umechagua kwa akili. Limebaki moja, na hili sitakuachia. Nakala. Kampuni itakuambia inahifadhi nakala kila siku, na pengine ni kweli, lakini nakala iliyo kwa mwenye nyumba si yako. Mpwa aweke UpdraftPlus, plagini ya kuchukua nakala, toleo la bure, aielekeze kwenye Google Drive yako, si yake. Una GB 15 za bure huko. Ichukue kila wiki. Januari iwe kila siku.

Kisha mwambie aifungue tovuti hiyo upya kutoka kwenye nakala, kwenye kompyuta yake au kwenye folda ya pembeni ya hosti. Nimewahi kumtunzia mteja nakala za miezi minane, na siku tuliyozihitaji tukakuta zilikuwa za faili tu, hifadhidata yenye bei na maandishi yote haikuwa ndani. Miezi minane. Tuliandika upya bidhaa moja moja kwa kutazama stakabadhi. Tangu siku hiyo kila nakala ninayoisimamia naifungua.

mwalimu_Chwele · Jumapili, saa 3:41 usiku

Mkuu, hata yetu sijawahi kuifungua. Kesho nikimaliza kipindi cha tatu naingia maktaba na kijana wa kompyuta.

MamaSweta_Kibuye · Jumatano, saa 1:55 usiku

Tumefungua nakala. Mara ya kwanza ilikataa, mpwa alikuwa amesahau hifadhidata kama alivyosema mzee. Mara ya pili ikakubali, nikaona shule zangu zote kumi na nne kwenye kompyuta yake, na daftari langu likiwa pembeni nikalinganisha ukurasa kwa ukurasa. Bei moja ilikuwa imekosewa tangu mwanzo. Nimeirekebisha mwenyewe, kwa simu.

Na leo saa 5 asubuhi mzazi wa Muhoroni, mtu nisiyemjua, ameniandikia WhatsApp. Ametuma picha ya ukurasa wangu, amezungushia duara sweta ya bluu nzito yenye mistari miwili ya manjano shingoni. Ameandika: "Hii saizi 28 mbili, na 32 moja. Natuma kwa till, niwekee kwa matatu ya saa 8." Hakuuliza bei.

kijana_maseno · Jumatano, saa 2:04 usiku

Mama nimefurahi sana! Nimepita nikakagua. Sweta zote ni nyepesi sasa, isipokuwa ile ya shule ya Vihiga yenye nembo, bado ni MB 1.9. Nitumie niipunguze.

MamaSweta_Kibuye · Jumatano, saa 2:10 usiku

Hiyo nembo niliogopa isije ikafifia ikipunguzwa, ina herufi ndogo. Nakutumia sasa hivi. Ukimaliza nirudishie niiweke mwenyewe.